Amplifaya nne, tundu moja la sauti

"Kaka, ukiigawa sauti mara nne, kila mtu anapata robo yake." Fundi mmoja aliniambia hivyo Kariakoo huku akinifungashia kisanduku cha kugawia sauti ambacho bei yake ilinitoa jasho. Nilimwamini, kwa sababu ndivyo bomba la maji linavyofanya: jirani akifungua la kwake, kwako yanachuruzika. Nikarudi Temeke, nikakiunganisha, na ule mngurumo wa kwenye hedifoni ulionipeleka dukani ukabaki palepale.

Narekodi vikundi vya kaswida kwenye chumba kimoja cha nyuma. Dufu tunalirekodi kwanza, halafu vijana wanne wanaimba pamoja wakilisikiliza kwenye hedifoni. Mmoja anataka sauti kubwa, mwingine ndogo, kwa hiyo kila mtu ana amplifaya yake mwenyewe ya hedifoni. Chanzo ni kimoja tu, kadi ya sauti ya kompyuta. Baada ya kisanduku kile kunishinda nilikaa chini na mita na karatasi, nikagundua kwamba hesabu ya bomba haifai kwenye sauti.

Amplifaya hainywi sauti inayopokea, inaionja tu. Mlango wake wa kuingilia una ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) mkubwa, mara nyingi kati ya omu 10,000 na 50,000, na tundu la laini, la kutolea sauti, la kadi nyingi za sauti lina omu 100 hivi au mia chache. Chukua omu 100 kwenye chanzo na amplifaya nne za omu 10,000 kila moja. Zikiungwa sambamba, chanzo kinaona mzigo wa omu 2,500. Ukilinganisha na amplifaya moja peke yake, sauti inashuka kama robo ya desibeli. Sikio la mwadhini hodari halitaitambua. Hata chanzo kikiwa cha omu 600, upungufu ni kama desibeli moja na nusu, tena unashuka sawasawa kwenye besi na kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo unaongeza kitufe kidogo na maisha yanaendelea. Kipimo ninachotumia ni hiki: mzigo wote kwa pamoja uwe angalau mara kumi ya ukinzani wa chanzo. Ukikaribia hapo, waya wa kawaida wa kugawa unatosha.

Sifa mbaya ya splita, yaani waya huo wa kugawa, inatokana na watu kugawa hedifoni zenyewe badala ya amplifaya. Hedifoni nne za omu 32 zikiungwa sambamba ni omu 8, na tundu dogo la simu au kompyuta linahema. Hapo ndipo besi inapolegea na sauti kuanza kukwaruza, halafu lawama anabebeshwa waya.

Sasa nieleze siku iliyonifundisha zaidi ya hesabu zote. Wanakikundi walikuja watatu, wa nne alikwama kwenye foleni Buguruni. Umeme wenyewe ulikuwa wa kubipu siku hiyo, nikaona nipunguze mzigo, nikachomoa adapta ya amplifaya ya nne lakini waya wake wa sauti nikauacha. Tukaanza. Dufu likawa linapasuka kwenye masikio ya wote watatu, hasa pale linapopigwa kwa nguvu. Nilibadilisha waya, nikabadilisha hedifoni, nikaizima kompyuta na kuiwasha. Ustadhi wao alikaa kimya kwa adabu, lakini nilimwona akiangalia saa. Karibu saa mbili zilipita kabla sijauchomoa ule waya wa amplifaya iliyozimwa, na sauti ikasafika papo hapo.

Sababu ni kwamba chipu nyingi zina diodi, vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja, za kinga mlangoni. Chipu isipokuwa na umeme, diodi hizo hufunguka mawimbi ya sauti yanapopanda kidogo tu na kuyakata vichwa, na kwa kuwa waya ni mmoja, yanakatwa kwa wote. Si kila amplifaya inafanya hivyo, ila ya kwangu ilifanya. Tangu siku hiyo, amplifaya ambayo haina mtu naichomoa yote, umeme na sauti, au naiwasha na kuiacha ikae bure.

Baadaye nililehemu kinga ya kudumu: resista, kijidude cha kuzuia umeme, ya omu 1,000 kwenye kila tawi, upande wa kushoto na wa kulia. Yaani kutoka tundu la laini la kushoto zinatoka nyaya nne, kila mmoja na resista yake, na la kulia vilevile. Sauti inapungua chini ya desibeli moja kwa amplifaya ya omu 10,000, na kwa malipo hayo madogo matawi yanatengana. Faida yake utaiona mtu akivuta jeki nusu nusu na kuisababishia shoti: wenzake wanasikia sauti imeshuka kidogo tu, haizimiki. Resista hizi ni za bei ya karanga. Kile kisanduku cha Kariakoo siku hizi kinashikilia mlango usijifunge.

Na mngurumo? Ulikuwa wa athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Amplifaya mbili zilichomekwa ukutani upande wa dirisha, kompyuta upande wa mlango, na waya wa sauti ukawa umeunganisha athi za pande mbili na kufanya duara. Umeme wetu ni wa hezi 50, na duara hilo linaukamata kama antena. Nilichomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, mngurumo ukaisha bila kununua chochote. Ukibaki kwako, tafuta transfoma ya sauti ya kutenganisha, ya uwiano wa 1:1, lakini usichukue ya bei rahisi kabisa kwa sababu inakula besi. Na tafadhali, usivunje ile pini ndefu ya juu ya plagi. Nimeona mafundi wanaifanyia hivyo na wanajisifu. Pini ile ipo ili usife.

Jambo lingine linalochanganya ni jeki. Jeki nene yenye pete mbili nyeusi inaweza kubeba kushoto na kulia, au inaweza kubeba sauti moja iliyogeuzwa upande wa pili ili kuzuia kelele. Kwa macho hazitofautiani. Ukichukua ile ya pili kutoka kadi ya sauti na kuichomeka kwenye amplifaya inayotegemea kushoto na kulia, masikio mawili yatapata sauti zinazopingana, na mwimbaji atakwambia anasikia kama yuko ndani ya pipa. Soma maandishi nyuma ya kifaa kabla ya kumlaumu mtu.

Waya wa Y pia una mwelekeo. Kutoka chanzo kimoja kwenda kwa wapokeaji wengi, ruksa. Vyanzo viwili kwenda mlango mmoja, hapana, vitasukumana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa kazi hiyo kuna miksa.

Bluetooth sijaigusa kwa makusudi. Inachelewa, na kila hedifoni inachelewa kivyake. Jaribu kuimbisha watu wanne hivyo uone.

Usafi nao una nafasi yake, maana hewa ya chumvi ya Dar inaotesha ukoko wa kijani kwenye shaba. Kila mwezi nafuta jeki zote kwa kitambaa chenye spiriti.

Wiki iliyopita walikuja watano. Sikuwa na amplifaya ya tano, nikawapa wawili wagawane moja kwa splita, nikiwa na hakika kwamba amplifaya ile ina nguvu ya kutosha. Kosa langu ni kwamba mmoja nilimpa hedifoni ya omu 32 na mwingine ya omu 250. Wa kwanza aliziba masikio, wa pili akauliza kama tumeshaanza. Nikawatafutia mbili za aina moja, na tukamaliza kabla ya magharibi.