Maswali ya Wasomaji: Maji ya Chumvi ya Kila Asubuhi

SWALI: Assalaam alaykum. Wifi yangu alipokuja kutoka Dar es Salaam msimu uliopita wa korosho aliniletea mawe ya chumvi ya rangi ya waridi, akanifundisha kuyatia katika chupa ya kioo, kuyajazia maji na kuyaacha yalale usiku kucha. Tangu hapo, kila siku baada ya swala ya alfajiri, huchota kijiko kimoja cha chai cha maji hayo, hukitia katika glasi ya maji ya uvuguvugu na kunywa kabla sijagusa kitu kingine. Nimeambiwa kuwa chumvi hiyo ina madini 84 na kwamba husafisha sumu mwilini. Kwa kweli najisikia mwepesi, ila mwezi huu pete yangu imeanza kunibana ifikapo jioni. Mama yangu, anayetumia dawa za presha, naye anataka tuwe tunakunywa pamoja. Je, tuendelee? Na je, chumvi hii inaipita ya kwetu?
Msomaji, Chikongola, Mtwara

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na lile lisilosubiri. Mama asiyaguse maji hayo, na wewe uyaweke kando mpaka upimwe presha na mganga aitazame hiyo mikono, kwa sababu pete inayobana jioni yaweza kuwa ni joto tu, lakini pia yaweza kuwa ni maji yanayozuiwa mwilini na chumvi, au dalili ya figo au moyo, na haya hayatofautishwi kwa barua.

Sasa tuitazame chupa yenyewe. Asubuhi unapoona mawe bado yamekaa chini na hayapungui tena, maana yake maji yameshiba chumvi na hayawezi kuyeyusha zaidi. Maji yaliyoshiba hivyo huwa na chumvi zaidi ya robo ya uzito wake. Ukiyalinganisha na maji ya ghuba ya Mikindani unayoyaona kila siku, chupa yako ni kali karibu mara tisa. Kijiko kimoja cha chai cha maji hayo hubeba gramu 1.6 hivi za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi kavu, chakula chote kikiwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa hiyo jua halijachomoza nawe umeshatumia karibu theluthi ya posho yako ya siku.

Na chakula chenyewe tunakijua. Mtu wa Mtwara anayekula ugali wa muhogo kwa papa mkavu mchana, akanunua mkate wa dukani jioni na kutia viungo vya pakiti katika mchuzi, hana upungufu wa chumvi. Huyo mara nyingi ameshapita kipimo bila kukitazama kikopo cha chumvi jikoni. Chumvi inapozidi, mwili huzuia maji ili kuizimua, ujazo wa damu ndani ya mishipa huongezeka, na msukumo wake hupanda. Figo nzima zitaitoa polepole kwa mkojo. Za mtu mwenye presha ya muda mrefu huenda zisiweze, na dawa anazomeza mama kila siku zinafanya kazi ile ile ambayo kijiko chako kingeitengua. Ndiyo maana nimesema asiyaguse, hata kwa kuonja.

Kuhusu madini 84, chumvi ya waridi inayouzwa kwa jina la Himalaya huchimbwa hasa katika mgodi wa Khewra, jimbo la Punjab nchini Pakistan, na ni mabaki ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kwa maneno mengine, nayo ni chumvi ya bahari, ila imezeeka. Sehemu yake kubwa, takriban asilimia 98, ni chumvi ile ile iliyomo kikoponi mwako, na ile rangi inayopendeza ni ya kutu ya chuma. Yaliyobaki ni chembe. Mashine ya maabara huweza kuhesabu chembe za madini mengi katika jiwe lolote, yakiwemo yasiyotakiwa kama metali ya risasi, lakini kuonekana kwa madini katika mashine si sawa na kutosha kwayo mwilini. Chukua potasiamu, madini ambayo kweli husaidia kushusha presha: katika kijiko chako cha alfajiri haifiki miligramu 10, ilhali ndizi mbivu moja ina 400 hivi na glasi ya maji ya dafu ina kiasi kama hicho au zaidi. Anayetafuta madini anunue dafu na fungu la mchicha. (Mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie madafu kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu hiyo potasiamu nyingi nayo humdhuru.)

Yapo madini ya aina moja ambayo chumvi ya mawe kwa kawaida haina, nayo ndiyo tunayoyahitaji kutoka kwenye chumvi: madini joto, yaani iodini. Tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria ya nchi yetu inataka chumvi ya kuliwa iwe imewekewa madini joto, kwa sababu upungufu wake huleta rovu, na kwa mama mjamzito huweza kumdumaza akili mtoto aliye tumboni. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno, lakini hakina mbadala. Kwa hiyo ukiuliza kama ya wifi inaipita ya kwetu, kwa rangi inaipita, na kwa bei inaipita mbali sana. Kwa manufaa ya jikoni, pakiti ya kawaida iliyoandikwa kuwa ina madini joto ndiyo bora, mradi uihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria, na uitie mwishoni mwa mapishi ili madini joto yasipotee kwa moto.

Ule wepesi unaousikia siubishi. Mwili uliolala saa saba bila tone huamka na kiu, na glasi nzima ya maji kabla ya chai ya rangi yenye sukari humpa nafuu yeyote. Sifa hiyo ni ya maji. Habari ya kusafisha sumu iache kabisa: kazi hiyo ni ya ini na figo, na chumvi haizisaidii figo, huziongezea mzigo.

Lakini sitaki kukunyang'anya desturi yako. Kukaa barazani baada ya alfajiri na glasi mkononi, kabla watoto hawajaamka na simu haijaanza kulia, ni kitu kizuri, na mwenye desturi ya namna hiyo hasahau kunywa maji. Endelea nayo hivi: chemsha maji jioni, yafunike yapoe, na asubuhi kamulia nusu ya ndimu katika glasi ya maji hayo. Ukipenda, tia majani mawili ya mnanaa au kipande cha tangawizi kilichopondwa. Mama naye anywe haya haya bila wasiwasi, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi cha maji cha kunywa kwa siku. Presha yako ikipimwa na kuonekana ni ya kawaida, na mikono haivimbi tena, ukatamani kurudisha ladha ya chumvi, usirudi kwenye chupa ile. Pima robo ya kijiko cha chai cha chumvi yenye madini joto, ikoroge katika lita nzima ya maji, unywe glasi moja. Hapo utakuwa umekunywa kama theluthi ya gramu, nawe uipunguze mchuzini. Mawe ya wifi yaache yapambe kabati; na kama kifuniko cha chupa ni cha bati, utakuwa umeshaona kinavyoota kutu, jambo ambalo maji yale hulifanya upesi.

Mwezi wa Ramadhani ukifika, baadhi ya watu watakwambia maji ya chumvi kwenye daku huzuia kiu. Huileta. Na papa mkavu umloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha umchemshe kwa maji mengine ambayo nayo utayamwaga. Onja mchuzi kwanza ndipo useme kama umepungua chumvi.

SWALI: Sisi ni vibarua katika mashamba ya chumvi karibu na mji wa Lindi. Tunakokota chumvi kwa reki tangu asubuhi, jua ni kali na jasho linatutoka mpaka fulana inakauka na kubaki na ukungu mweupe. Mzee mmoja kati yetu hutia kiganja cha chumvi ya shambani katika dumu la lita 5 na kusema kuwa jasho hurudishwa kwa chumvi. Wengine tunasikia kichefuchefu tukinywa. Nani yuko sahihi?
Kibarua, Lindi

JIBU: Mzee ana hoja, kipimo ndicho kimemponyoka. Ule ukungu mweupe kwenye fulana ni chumvi iliyotoka mwilini, na mtu anayevuja jasho kwa saa nyingi akanywa maji matupu kwa wingi sana bila kula chochote huweza kuishiwa na chumvi katika damu, akaumwa kichwa, akaishiwa nguvu na hata kuchanganyikiwa. Kwa hiyo kwenu, tofauti na dada yetu wa Chikongola, chumvi kidogo majini ina maana.

Sasa tupime kiganja. Kiganja kilichojaa cha mtu wa kazi hubeba si chini ya gramu 50. Katika lita 5 hizo ni gramu 10 kwa kila lita, wakati maji ya dripu ya chumvi yanayotundikwa hospitalini, ambayo yametengenezwa yalingane na damu, yana gramu 9 kwa lita. Dumu lenu basi ni kali kuliko dripu. Tumbo hukataa, ndicho hicho kichefuchefu, na kiu huzidi badala ya kukatika. Kwa dumu la lita 5 tia kijiko kimoja na robo cha chai, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, pamoja na ndimu tano na vijiko kumi vya chakula vya sukari, navyo visiwe na kichuguu. Mwenye kisukari ajitengenezee yake bila sukari, na mwenye presha anywe maji matupu na ale chakula chake kama kawaida. Kunyweni kidogo kidogo kila baada ya dakika 20 hivi, msingojee kiu.

Na chumvi yenyewe isiwe ile ya shambani. Ninyi mnajua kuliko mimi jinsi maji ya bahari yanavyohamishwa kutoka bwawa hadi bwawa. Kwanza hutuama jasi, ya jamii ile ile inayochimbwa Kilwa. Kisha hukaa chumvi. Na mwisho hubaki maji mazito machungu yenye magnesiamu nyingi, ambayo hupaswa kumwagwa. Chumvi ghafi ambayo haijaoshwa wala kuchuja maji hayo vizuri hubaki na uchungu wake, na magnesiamu ikizidi huendesha tumbo, jambo ambalo kwa mtu anayetoka jasho ni kupoteza maji mara mbili. Ongeza mchanga, kinyesi cha ndege na kukosekana kwa madini joto. Ni ajabu kidogo, nakiri, kumwambia mtu aliyesimama katikati ya malundo ya chumvi akanunue pakiti dukani, lakini ndivyo ilivyo.

Mwenzenu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ngozi ikiwaka moto, au akianguka, hapo si habari ya kinywaji tena. Mvutieni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, mumkimbize kituo cha afya. Msimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu.

SWALI: Je, maji haya ya chumvi yanafaa kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeharisha? Huku kwetu duka la dawa liko mbali.
Mama, Newala

JIBU: Hapana, mama, usimpe maji ya chumvi peke yake, kwa kuwa chumvi ikizidi kwa mtoto huweza kumletea degedege. Kinachomfaa ni maji yenye chumvi na sukari kwa pamoja, kwa sababu utumbo hupokea chumvi kwa wingi zaidi inapoingia ikiwa imeshikana na sukari ya glukosi, na maji huzifuata. Siri hiyo ilielezwa na wanasayansi mwaka 1960, na mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipokwisha, akaokoa wagonjwa wengi wa kipindupindu kwa maji ya kunywa.

Pakiti za chumvi chumvi za kuzuia upungufu wa maji ndizo bora, kwa kuwa zina potasiamu pia, na kila nyumba yenye mtoto ingefaa iwe nazo mbili kabla ya kuzihitaji. Ukikosa kabisa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vimesawazishwa. Onja kabla ya kumpa: yasizidi chumvi ya machozi, yakizidi, mwaga uanze upya. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, yaani robo mpaka nusu ya kikombe, kwa kijiko, polepole. Akitapika ngoja dakika 10 uendelee. Usiache kumnyonyesha, na yaliyobaki yamwage baada ya saa 24. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, kwa hiyo safari ya huko bado ipo. Ukiona macho yameingia ndani, hakojoi, analegea, ana damu kwenye choo au anakataa kunywa, ondoka saa hiyo hiyo, huku ukiendelea kumpa vijiko njiani.