Mbao za Samani za Nje: Jina la Mti Halitoshi

Mtu akiagiza benchi la bustani husema anataka la mtiki, fundi akatafuta mtiki, mjadala ukaishia hapo. Lakini jina la mti halisemi ubao umetoka sehemu gani ya gogo. Mtiki uliokatwa ukiwa mchanga una weupe mwingi, ile sehemu iliyo karibu na gome, na weupe huo ukikaa nje huoza upesi kama wa mti wowote. Kinachohimili mvua na mchwa ni kiini, sehemu ya ndani ambayo kwa mtiki na miti mingine inayofaa nje huwa na rangi iliyokolea, kwa sababu mti umeijaza kemikali zinazowafukuza kuvu na wadudu. Basi geuza kila ubao, utazame ncha na kingo zake. Ukiona mkanda mweupe, upasue uutoe. Vanishi itauficha machoni pa mteja, lakini dumuzi atauona.

Mvule, mninga, mkongo (wengine huuita mbambakofi) na mtiki uliokomaa vinafaa nje, ila kila mti una vituko vyake. Mvule mara nyingine hubeba vijiwe vya chokaa ndani, vinavyong'oa makali ya randa, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa. Mkongo una rangi ya manjano inayotoka ukilowa: mto mweupe uliowekwa juu ya kiti kipya baada ya mvua utapata madoa. Mninga ndio mtulivu kuliko yote, husinyaa kidogo na haujipindi ovyo. Mkaratusi una nguvu lakini hupinda na kupasuka wakati wa kukauka, na uimara wake hutegemea sana ni aina gani ya mkaratusi. Paini iende nje ikiwa tu imetiwa dawa kwa shinikizo. Dawa hiyo mara nyingi haifiki katikati ya ubao, kwa hiyo kila unapokata, paka dawa tena kwenye mkato. Paini iliyotiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu, isiwe meza ya chakula, na vipande vyake visichomwe jikoni.

Ukiwa mbele ya rundo la mbao, inua ubao, fumba jicho moja, utazame kwa urefu. Uliopinda kidogo upande mmoja bado unafaa kukatwa vipande vifupi. Uliosokoteka kama kamba uache. Kwa miguu na mikono ya kiti, nyuzi ziende sambamba na urefu, maana zikitokeza ubavuni mguu utavunjika hapohapo. Kataa pia ubao wenye kitovu cha gogo katikati. Mbao husinyaa kufuata miviringo ya ukuaji wa mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuikata miviringo hiyo, na kitovu kikiwa ndani lazima kitu kipasuke.

Ukavu ndipo wengi hukosea. Kwa samani za nje lenga unyevu wa asilimia 12 hadi 15, na chini zaidi kidogo kama hali ya hewa ni kavu sana. Ukipita asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wa kuozesha wanapata nafasi. Kama huna kipimo, kata kipande cha unene wa milimita 25, angalau sentimita 30 kutoka kwenye ncha kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime uzito, kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hadi uzito usishuke tena. Kikianza na gramu 230 kikaishia gramu 200, maji yaliyotoka ni 30. Gawanya kwa 200: unyevu ulikuwa asilimia 15.

Mbao mbichi zipange kivulini, penye upepo, sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya milimita 25, umbali wa sentimita 40 hadi 60, na kila kijiti kikae juu kabisa ya mwenzake. Kikisogea, ubao utabonyea hapo na kukauka hivyohivyo. Paka ncha rangi nzito au nta siku ileile ya kupasua. Jua la moja kwa moja hukausha ngozi ya ubao huku ndani kukiwa bado kubichi, ndipo nyufa zinapoanza. Kwa mbao ngumu kadiria mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, halafu pima. Kalenda peke yake haitoshi.

Zikishakauka, kata vipande vikiwa na ziada ya milimita 3 hadi 5, viache wiki moja, ndipo upige randa ya mwisho. Msumeno hufungua mvutano uliokuwa ndani, na kipande kilichonyooka asubuhi kinaweza kuwa upinde siku ya tatu. Mbao za kukalia zisizidi upana wa milimita 100, na uache nafasi ya milimita 6 hadi 8 kati yake. Ubao wa upana huo ukipanda kutoka unyevu wa asilimia 12 hadi 17 unaweza kuvimba zaidi ya milimita moja, na zikibanana zitasukuma viungo vifunguke.

Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikutana na maji na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, huacha madoa meusi yanayoingia ndani. Mtiki una mafuta, kwa hiyo futa sehemu ya kiungo kwa asetoni muda mfupi kabla ya kutia gundi ya epoksi. Nyayo za miguu zishughulikiwe kuliko sehemu nyingine yoyote: ncha za nyuzi hunyonya maji kama mirija, na benchi nyingi huanza kuoza hapo wakati juu bado kunang'aa. Paka epoksi nyepesi, ongeza wakati mbao bado inanyonya, hadi ikatae.

Kwa msasa ishia namba 120 au 150. Ukilainisha zaidi, mafuta hayapenyi vizuri. Vanishi isiyo na rangi hupasuka juani, maji hupita kwenye ufa na kukwama chini yake, kisha kuibandua ni kazi ya siku nzima. Mafuta ya kitani ni rahisi kurudia, lakini vitambaa ulivyopakia visikunjwe na kutupwa kwenye kona ya karakana: hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje hadi vikauke vikakamae, au vitumbukize ndani ya maji.