Kabla hujaandika net.ifnames=0 tena

Jumatatu nimemkuta dogo wa mafunzo kwa vitendo amefungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwashia Linux, anaandika net.ifnames=0, yaani kadi za mtandao zirudie majina ya zamani ya eth0, eth1. Nikamuuliza kulikoni. "Bro, enp3s0 inachosha, eth0 ndo rahisi kukumbuka." Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Basi wadogo zangu, sogeeni.

1. Hiyo eth0 ni namba ya foleni tu. Kenel (kiini cha Linux) inampa kadi aliyewahi kuamshwa na draiva yake. Ukiwa na kadi moja, hamna neno. Zikiwa mbili zenye draiva tofauti, leo anawahi huyu, kesho yule, kama abiria wa Mwendokasi pale Kimara asubuhi. Ndiyo maana systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) toleo la 197, mwaka 2013, ikaleta majina yanayofuata mahali kadi ilipochomekwa: enp3s0 ni basi la PCI namba 3 (njia ya kadi kwenye ubao mama, si basi la Mbagala), sloti 0.

2. Msitibu kwa kubadilisha nyaya. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Ilikuwa ofisi moja Kariakoo, ghorofani, kaseva kanafanya kazi ya ruta: eth0 nje kwa mtoa huduma, eth1 ndani kwenye swichi, na DHCP yake (huduma ya kugawia kompyuta anwani za mtandao). Umeme ukakatika, UPS ikachoka, baadaye seva ikawaka upya. Intaneti hakuna. Mimi niko Mbagala. Nikadandia bodaboda, bosi wa ofisi anapiga simu kila tukisimama kwenye taa. Kufika tu, nikampigia mtoa huduma na kumfokea kijana wa zamu karibu saa nzima. Kumbe kadi zimebadilishana majina! Nilipogundua, badala ya kutafuta sababu, nikachomoa nyaya mbili nikazipishanisha. Intaneti hiyo. Bosi akaagiza chipsi kuku. Nikala najiona mtaalamu, na penye lebo ya NJE nikakata nikaandika NDANI.

Wiki mbili hazijapita, umeme ukakatika tena usiku. Kadi zikarudia majina yao ya mwanzo, nyaya ziko pale pale nilipozihamishia. Asubuhi akapiga yule yule kijana niliyemfokea, kwa upole unaokera: "Kaka, seva yenu inatugawia anwani zenu za ndani za 192.168 huku kwetu." Nikahisi jasho. Maana fayawoli yangu (ukuta wa ulinzi wa mtandao) iliandikwa iruhusu chochote kinachotoka eth1, na eth1 usiku kucha ilikuwa inatazama nje. Niliomba msamaha mara mbili, moja ya DHCP, nyingine ya kelele za siku ile. Hakuna kilichoibiwa ninachokijua. Lakini nilizisoma logi zile hadi magharibi, mstari kwa mstari, na chipsi hazikuagizwa.

3. Dawa yenyewe ni mistari minne, inayofunga jina kwenye anwani ya MAC, namba ya kudumu ya kadi yenyewe. Kwenye /etc/systemd/network/10-nje.link:

[Match]
PermanentMACAddress=(ya kadi yako)
[Link]
Name=nje0

Jina lisizidi herufi 15. Usiite eth0 wala eth1, utagombana na kenel. Kwenye Debian na Ubuntu malizia na update-initramfs -u, ili jina lishike tangu mashine inapowaka.

4. Hata enp3s0 usiiamini kama kitambulisho cha taifa. Ongeza diski ya NVMe au kadi nyingine, namba za basi zinaweza kusogea, ukaamka na enp4s0 huku netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) inamsubiri enp3s0. Na wewe umeristati ukiwa nyumbani kwa SSH (umeingia kwenye seva kutoka mbali). Nauli yako.

5. Kabla ya kubandika lebo: ethtool -p nje0 10. Taa ya tundu husika inapepesa sekunde 10. Kubahatisha mwiko.

Dogo amefuta ule mstari wake mwenyewe. Kadi moja ameiita nje0. Nyingine ameiita mamantilie, kwa sababu waya wake unapita ukuta wa jiko la nyuma. Nimehesabu herufi: 10. Imekubali.