Presha ya hewa ya 200 si presha ya 500, wanangu watabiri

Wiki hii tena nimemuona kijana kashika chati ya hali ya hewa ya 200 (hektopaskali, kipimo cha presha; namba ikipungua ndivyo chati iko juu zaidi angani), kaona duara kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya bahari yetu, kashaandika "ukavu". Nilishika kichwa. Kila vuli ikikaribia waja wapya na kosa ni lilelile, na nyie nawapenda jamani lakini mwanichosha, hebu niyaandike.

1. Kabla hujatamka presha, uliza ni ya urefu gani. Mgandamizo mkubwa ukikalia 500, kilomita kama 6 juu, hewa yashuka, yajikausha, mawingu hayapati kupanda. Ule wa 200, kilomita kama 12 juu, hewa yatawanyika, na ikitawanyika kule ya chini yapanda kujaza nafasi, alimradi kuna unyevu.

2. Hili nalijua kwa uchungu. Oktoba 2019, bahari upande wetu ina joto kuliko upande wa Sumatra, ndiyo daipoli chanya ya Bahari ya Hindi, yenye nguvu, ile hutuletea mvua nyingi vuli, na nilikuwa nishaisoma yote hiyo. Shangazi yangu wa Likoni akanipigia, mwanangu, mbata nianike ama ningoje? Nikafungua 200 peke yake, nikaona mgandamizo umetanda, nikamwambia anika shangazi, juu kumetulia. Akaanika ua mzima. Mvua ilishuka alfajiri na haikukata mpaka mchana, nikavuka feri kumuona, nikamkuta kachutama barazani apangusa mbata moja moja kwa kanga yake, na zingine zishaanza utelezi. Hakunigombeza. Alinimiminia chai. Ile ilikuwa ada ya wanawe, na kwenye feri nikirudi nililia mbele za watu, wallahi. Sikuwa nimefungua 850, kilomita kama moja na nusu tu juu, kuona unyevu unaoingia kutoka baharini, sikuwa nimefungua 500, sikutazama hata setilaiti, na mawingu yalikuwa yamejaa pale pale chini ya ule mgandamizo wangu.

3. Na ndipo nikaelewa kwamba mvua na ule mgandamizo wa juu hulishana. Mvuke ukigeuka maji watoa joto, joto latanua hewa, presha ya juu yainuka. Ule mgandamizo wa juu wa Bolivia hukua kiangazi cha kusini mvua za Amazon zikikolea, na ule wa Tibet husimama na mvua za monsuni za India, ndio maana Julai sisi twapigwa na kusi hapa chini na kule juu upepo watoka mashariki. Kwa hivyo mimi siku ile niliona alama ya mvua nikaisoma jua.

4. Usiniletee chati moja. Shangazi bado hupiga simu kabla ya kuanika, nami humwambia ngoja kidogo, nafungua zote kwanza.

5. 00 UTC, yaani saa sita usiku ya saa za dunia zinazoandikwa kwenye chati, ni saa tisa usiku kwetu, andika pembeni ya chati kwa kalamu.