Bagi la injini ndogo mchangani: nifunge tairi gani?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina bagi la mchangani lililojengwa juu ya chesi ya Volkswagen Beetle iliyokatwa ikafupishwa, bodi la faiba, injini 1600 ya kupozwa kwa hewa ambayo haijaongezwa kitu. Mbele lina tairi za Beetle za kawaida, nyuma 205/70R15 kuukuu. Kila nikitoka Maskati kwenda kwenye mchanga wa Bidiya, hapa Omani, na wenzangu wenye Patrol na Land Cruiser, mimi ndiye wa kwanza kuzama, na klachi inanuka. Muuza tairi kaniambia shida ni udogo wa tairi. Anataka nifunge nyuma 31x10.50R15 za matope, au niagize zile za makasia kama za Wamarekani. Nichukue zipi? Na je, rimu zangu zitafaa? – Msomaji, Al Khoudh.

JIBU: Wa alaykum salaam, kijana wangu. Umenitajia chesi, injini, bodi, saizi za tairi na hata magari ya wenzako. Hukunitajia tairi zako unazitia upepo kiasi gani. Barua za namna hii hunijia kila joto linapopungua na watu wakaukumbuka mchanga, na karibu zote zina pengo hilo hilo. Nakisia una PSI 28 (PSI ndicho kipimo cha upepo wa tairi), zile alizokutilia kijana wa petroli steshini, ukaingia nazo Ramlat al-Wahiba, jangwa hilo la Bidiya, kama unakwenda Sib kununua samaki. Kama nimekisia sawa, hata nikufungie tairi za ndege utazama.

Tuanze na hizo za matope, maana ndizo zinazonichosha. Tairi ya matope ina kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa ardhi, ndefu zilizoachana kwa sababu kazi yake ni kuchimba. Inapenya tope, inatafuta ardhi ngumu iliyo chini, inaishika, na nafasi iliyo kati ya kashata inatema uchafu nje. Sasa niambie, pale Bidiya ardhi ngumu ya chini iko wapi? Utachimba mpaka tumbo la gari lilale juu ya mchanga na hutaiona. Kila kashata inakata ngozi ya juu ya mchanga, ile iliyoshikana kidogo kwa upepo na umande, na kuurusha nyuma mchanga uliokuwa unakubeba. Patrol ya lita 4.8 ina nguvu zaidi ya mara tano ya zako. Inaweza kuurusha mchanga kwa wingi hadi ikajisukuma yenyewe ikatoka, na mwenyewe akadhani tairi zimemsaidia. Injini yako ina nguvu za farasi 50 ikiwa nzima, na sidhani kama ni nzima kiasi hicho. Itazungusha mara mbili tatu, itazima, na klachi itanuka. Unaijua harufu hiyo.

Huyo muuza tairi hakukwambia pia kwamba tairi kubwa ni giaboksi nyingine. Tairi yako ya sasa ina kipenyo cha sentimita 67 hivi, na ile ya asili ya Beetle ilikuwa karibu 64. Hiyo ya inchi 31 inafika karibu 79. Injini haijui kwamba umebadilisha tairi. Inatoa mzunguko ule ule, ila sasa mkono wa kusukumia umerefuka, na nguvu inayofika chini imepungua. Chukua 1600 ya kawaida, uwiano wa gia ya pili 2.06 na wa difu 4.125, toa kidogo kwa msuguano. Kwa tairi ya sentimita 64 unapata msukumo wa kilo kama 258 ardhini. Kwa ya sentimita 79 unapata 210. Gari na wewe ndani tuseme kilo 650, na mchanga laini unaweza kuidai robo ya uzito huo ili gari liende tu, yaani kilo 162 kabla hujapanda popote. Tairi ndogo inakubakishia kilo 96 za kupandia, kubwa inakubakishia 48. Nusu nzima imepotea. Ya kwanza itakupandisha kilima kinachoinuka mita 15 kwa kila mita 100, ya pili itaishia kwenye mita 7. Ukirudi gia ya kwanza utapata msukumo, lakini utakuwa umepoteza mwendo, na mwendo ndio unaokupitisha mchangani.

Najua kuna atakayenijibu kwamba tairi kubwa inaelea vizuri zaidi, kwa hiyo mchanga utaidai kidogo. Ni kweli, ikiwa tairi inalainika. Hapo ndipo herufi LT kwenye ubavu, alama ya tairi za magari ya mizigo, zinapoingia. Tairi ya 31x10.50R15LT yenye namba ya uzito 109 imetengenezwa kubeba hadi kilo 1,030, moja peke yake. Gurudumu lako la nyuma linabeba kilo 200 hivi. Ubavu wake ni mnene, umejazwa plai, yaani tabaka za nyuzi, za kustahimili mawe na mizigo, na wewe unaukalia na gari jepesi kama kitanda cha kamba. Utatoa upepo hadi PSI 10 na tairi itabaki imesimama wima inakutazama. Juu ya hapo ina uzito wa karibu kilo 20, zaidi ya mara mbili ya tairi ya Beetle, na uzito huo injini yako inatakiwa kuuzungusha kila unapokanyaga mafuta.

Sasa upepo. Tairi yenye ubavu laini inaukandamiza mchanga kwa shinikizo linalokaribia lile lililomo ndani yake. Kwa kilo 200 na PSI 28, alama inayogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 100, kiganja cha mtu mzima kinaifunika. Shusha hadi PSI 10 inafika kama 280, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni urefu. Alama ndefu ndiyo unayoitaka, kwa sababu gurudumu linapita juu ya mchanga ule ule lililokwisha kuukandamiza, badala ya kusukuma tuta jipya mbele yake kila wakati. Upana peke yake unaleta tuta.

Anza na PSI 12 nyuma na 10 mbele kabla hujauacha mchanga mgumu. Kuwa na geji yako mwenyewe inayosoma vizuri chini, maana hizi za vituoni chini ya 15 zinabahatisha. Ukiona bado unalemewa shuka mpaka 10 nyuma, si zaidi, kwa kuwa ukikata kona kali na upepo mdogo tairi inaruka kwenye rimu. Na pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Saa saba mchana mchanga na tairi vyote vinawaka, geji itakupandishia PSI ambazo hukuzitia.

Hivi vitu havikugunduliwa jana. Mwaka 1930 Mwingereza Ralph Bagnold alivuka Bahari Kuu ya Mchanga iliyo mpakani mwa Misri na Libya kwa Ford Model A, gari la nguvu za farasi 40 linalovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma kama lako. Alikuwa akipunguza upepo na kuupanda mchanga kwa kasi. Bagi la Bruce Meyers, babu wa hilo ulilonalo, lilishinda mbio za Mexican 1000 mwaka 1967 kule Baja California likiwa na injini ya Volkswagen, likiyaacha nyuma magari yenye nguvu kulishinda. Lilikuwa jepesi. Wepesi ndio mtaji wako wa pekee mbele ya wenzako wenye Land Cruiser, na unataka kuuuza kwa kufunga mizigo ya mpira.

Za makasia ni habari nyingine, na nitazipitia haraka. Ni tairi laini kabisa zenye mabao ya mpira yaliyokingama, yanauchota mchanga na kuusukuma nyuma. Zinafanya kazi, sikatai. Lakini kila kasia linadai nguvu, na kasia kubwa au mengi kwenye farasi 50 ni kumfunga punda mkokoteni wa ngamia. Zikizunguka mahali pamoja zinachimba kuliko tairi yoyote. Tena hazitembei lami: mabao yanalika na kukatika, na gari linatetemeka. Utahitaji trela la kulibebea bagi kutoka Al Khoudh mpaka Bidiya, na seti nyingine ya tairi nyumbani. Siku ukiwa na trela, tafuta zenye makasia machache na mafupi, kipenyo kisichozidi cha tairi zako za sasa.

Kwa hivyo nunua nini? Nyuma, tairi ya gari ndogo ya abiria, yenye kashata fupi na mabega ya mviringo, 205/70R15 mpya, au 215/75R15 ukiweza kukubali kipenyo cha sentimita 70. Hapo ndipo mwisho wa injini yako. Angalia namba vizuri: ukiona C mwishoni, hiyo ni ya Hiace ya mizigo, ubavu wake ni mgumu kama wa LT. Mbele bakisha hizo za Beetle, 155R15. Wengi hufunga pana mbele kwa ajili ya sura, halafu wanashangaa gari haligeuki. Mbele ya bagi ni nyepesi, tairi pana inateleza juu ya mchanga na kusukuma tuta. Nyembamba yenye mfereji wa kuzunguka inakata njia na kutii usukani.

Na usinunue za mtumba kwa kuwa tu zina kashata nzuri. Kuna watu katika hii nchi, na kule kwetu Unguja na Dar nako wapo, wanaochukua tairi kipara, wanaichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto, wanaipaka rangi nyeusi inang'aa, na kuiweka mlangoni. Chini ya mfereji huo umebaki mpira mwembamba wa kuona nyuzi. Mtu huyo huyo atakuuzia naitrojeni kwa rial kadhaa, akuapie kwamba haipandi na joto, na hali upepo unaoupumua ni naitrojeni asilimia 78 bure, nawe utakuwa ukiutoa na kuurudisha kila Ijumaa. Atakwambia uweke mifuko ya mchanga nyuma ili tairi zishike, wakati injini ya Beetle tayari iko nyuma na imezilalia. Tafuta kwenye ubavu namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha kunja ubavu kwa vidole uone nyufa. Tairi iliyokaa juani Maskati miaka sita inapasuka hata kama haijawahi kutembea, na tairi laini ya upepo mdogo ndiyo inayofanya kazi kwa ubavu wake.

Na hili si lako peke yako. Wenzako wenye Land Cruiser waambie pia, kwa sababu ndio ninaowaona zaidi. Saa kumi na moja jioni watu wanashuka kutoka mchangani, wamechoka, watoto wamelala nyuma, foleni ya kompresa ni ndefu pale barabarani. Mmoja anasema atajaza mbele huko. Anaingia barabara kuu ya kurudi Maskati na PSI 14, kilomita 120 kwa saa. Kila mzunguko ubavu unajikunja na kujikunjua, moto unapanda ndani ambako mkono haufiki, na plai zinaachana. Tairi haitoi taarifa. Inapasuka gari likiwa kwenye mwendo, na gari refu lililojaa watu likipoteza tairi ya nyuma kwa mwendo huo linapinduka. Na mtu anayekufundisha kutoa upepo bila kukuuliza una kompresa ya kuurudisha, usimsikilize. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, yenye waya mnene, ni ya kwanza kununua, kabla ya tairi. Kompresa hizi hutaka volti 12, na Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, kwa hiyo angalia umeme wako kwanza.

Kuhusu rimu: za asili za Beetle zina upana wa inchi 4 hadi 4.5. Zinatosha kwa tairi za mbele. Kwa nyuma ni nyembamba mno kwa 205, na hapo ndipo tairi inaporuka upepo ukiwa mdogo. Tafuta ya inchi 5.5 au 6, isiyotokeza nje sana, maana rimu iliyotolewa nje inaua beringi. Hizo za inchi 31 zinataka rimu ya 7 hadi 9, jambo ambalo muuzaji wako naye hakulitaja. Beetle za zamani zina bolti tano kwenye duara la milimita 205. Nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zina nne kwenye duara la 130, na bagi lililounganishwa kwa vipande laweza kuwa na za namna moja mbele na nyingine nyuma. Hesabu bolti zako magurudumu yote manne, uniandikie kabla hujalipa.