Kocha anambeba mwanae? Majibu kwa wazazi wa timu za watoto

Meseji zenu za wiki hizi karibu zote zinazunguka jambo moja, timu za watoto zinazoendeshwa na wazazi wa kujitolea, nani anabebwa na nani anasugua benchi. Mi nimekuwa meneja wa timu ya watoto misimu saba sasa, na kabla ya hapo nilikuwa mzazi wa pembeni mwa uwanja mwenye hasira zake, kwa hiyo haya mambo nimeyaona kotekote. Nimechukua maswali sita, nimeyafupisha, majina nimeyatoa.

Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka 10. Kocha ni baba wa mwenzake, na huyo mtoto wa kocha anacheza mwanzo mwisho kila mechi, wangu anaingizwa dakika za mwisho tu. Niongee, au ninyamaze nisije nikamharibia mtoto?

Marahaba mama. Ongea, ila sio leo na sio uwanjani.

Kwanza muulize mwenyewe. Mtoto wa miaka 10 anajua kama anaumia au haumii, kuna mwingine kukaa benchi na rafiki yake kwake ni raha tupu na anayeteseka ni mama. Akikwambia inamuuma, sasa anza kuandika. Mechi tatu, chukua simu yako, andika kaingia dakika ya ngapi, katoka ya ngapi, kacheza namba gani. Andika za wako tu. Nakwambia uandike kwa sababu dakika za benchi kwa macho ya mzazi ni ndefu sana, mimi nilishamfuata kocha nikilalamika mwanangu kacheza dakika tano, kumbe kacheza kumi na nane na kocha alikuwa nazo kwenye karatasi, nikaondoka pale nimejifunza. Na wakati mwingine unaandika unakuta kweli ni dakika 6, dakika 4, dakika 7, hapo sasa una kitu mkononi cha kuongelea.

Baada ya hapo subiri siku ipite. Klabu nyingi zina utaratibu wa masaa 24, mzazi haongei na kocha habari za mechi mpaka kesho yake, na ni utaratibu mzuri sana maana kocha mwenyewe naye ametoka uwanjani damu imechemka. Mtumie meseji fupi, "Kocha naomba dakika kumi zako wiki hii tuongee kuhusu mwanangu," mkutane wawili tu, umuulize mambo mawili, unamuona vipi huyu mtoto, na afanye nini ili aongezewe dakika. Mtoto wake usimtaje hata kama ulimi unakuwasha. Ukimtaja tu, mazungumzo yanahama, yeye anaanza kumtetea mwanae na wewe unaanza kushambulia, na aliyekupeleka pale amesahaulika.

Mpe wiki tatu nne. Kama hakijabadilika kitu, nenda kwa viongozi wa klabu na dakika zako ulizoandika. Na ikitokea mtoto anakatwa kabisa kwenye kikosi kwa sababu wewe umeuliza, hapo usisubiri wiki tatu, peleka siku hiyohiyo, maana hiyo sio kazi ya ukocha tena, huko ni kumwadhibu mtoto kwa maneno ya mzazi wake.

Mimi ndo huyo baba anayesemwa, sio wa hapo juu lakini ni yuleyule tu. Nilijitolea kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Nina watoto 10 wa miaka tisa, tunacheza saba kwa saba. Mwanangu ana uwezo kweli. Wazazi wananong'ona eti nambeba. Nimpunguzie dakika wanyamaze?

Kaka, kwanza asante kwa kunyoosha mkono, nalisema hili kwa dhati maana watu wanasahau kwamba bila wewe hiyo timu isingekuwepo. Usimpunguzie kwa ajili ya minong'ono. Mpunguzie kama hesabu inakwambia kazidisha, na hesabu ni hii. Mechi ya vipindi viwili vya dakika 25 ni dakika 50, mara wachezaji saba ni dakika 350 za kugawana, gawa kwa watoto 10, kila mtoto dakika 35. Sasa chukua mechi zako tano za mwisho uone mwanao yuko wapi. Akiwa na 38, na wengine wako 32 hadi 37, huna deni na mtu. Akiwa na 50 kila mechi, basi kila wiki kuna dakika 15 anacheza ambazo zingekuwa za wenzake, na hao wazazi wanaonong'ona wanaona kitu kilichopo.

Msimu wangu wa pili kocha wetu aliugua, nikashika timu mimi wiki sita. Nilikuwa naapa kabisa kwamba siwezi kumpendelea wa kwangu, nikawa hata namkaripia zaidi ya wengine ili watu waone. Wiki ya nne nikafungua daftari la mechi kutafuta kitu kingine kabisa, nikakuta mwanangu hajakaa benchi kipindi cha pili hata mara moja. Sikuwa nimepanga hivyo. Ila kila nilipogeuka kutafuta wa kumtoa, macho yalikuwa yanamruka, yanaangukia kwa mtoto wa mwingine, na mara nyingi ni kwa yuleyule mmoja mpole asiyelalamika. Niliumia sana siku ile, na tangu hapo siamini moyo wa mtu kwenye suala hili, hata wangu, naamini karatasi.

Kwa hiyo panga sabu kabla ya mechi, mkiwa bado hamjui mtafungwa au mtafunga. Andika nani anatoka dakika ya ngapi, umpe mzazi mwingine hiyo karatasi na saa ashike yeye, kazi yake iwe kukwambia tu "kocha, muda." Utashangaa mzigo unavyopungua. Na dakika peke yake hazitoshi, angalia na namba pia. Kuna watoto wanapewa dakika 35 zote wamewekwa beki ya pembeni msimu mzima wakati mtoto wa kocha ni straika, anapiga penalti, anapiga kona, anarusha mpira, na kocha anakuonyesha dakika ziko sawa. Kwa miaka tisa zungusha namba, hakuna anayejua bado huyu atakuwa nani.

Lingine ni la nyumbani. Hilo la kumkaripia zaidi ili watu waone, mimi nimelifanya, usilifanye, huo nao ni upendeleo ila umegeuzwa, na mtoto analipa bei ya minong'ono ambayo hajaianzisha. Filimbi ya mwisho ikilia vua ukocha palepale. Njiani kurudi awe na baba yake, mechi isiongelewe mpaka aianzishe mwenyewe.

Binti yangu kaachwa kwenye mchujo mara ya pili, waliochukuliwa wote ni wakubwa wakubwa kimwili na wawili ni watoto wa watu wa kamati. Amezaliwa mwezi wa kumi na mbili. Ni upendeleo?

Hapo kuna mambo mawili, usiyachanganye. Hilo la mwezi wa kuzaliwa lina utafiti wake wa siku nyingi, mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwenye hoki ya barafu ya Kanada kwamba wachezaji vijana waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi kupita kiasi ukilinganisha na wa miezi ya mwisho, na baadaye jambo hilohilo likaonekana kwenye mpira wa miguu na michezo mingine. Sababu ni rahisi, kundi la umri linakatwa tarehe moja, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wanawekwa pamoja wakati wamepishana karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka tisa mwaka mmoja ni urefu, ni mbio, ni nguvu ya kupiga mpira. Kocha anaona ukubwa anadhani ni kipaji. Anamchukua, anamfundisha zaidi, anampa mechi zaidi, mwaka unaofuata kweli amekuwa bora, basi inaonekana walichagua vizuri.

Kwa hiyo mwambie binti yako ukweli huu kwa lugha yake, kwamba hajashindwa, mwili bado uko njiani. Mtafutie pa kucheza mwaka huu, hata timu ya pili, hata ya mtaani, maana kinachomaliza watoto wa Desemba ni kukaa bila mechi wakati wenzao wanacheza.

La watoto wa kamati ni swali jingine na uliulize kwa maandishi, nani walikaa kuchagua, na je mzazi alikuwepo kwenye kumpigia kura mwanae. Unauliza utaratibu, sio unamtuhumu mtu. Klabu zinazojiheshimu huita watu wawili watatu wasio na mtoto pale, watoto wanavalishwa namba mgongoni, wachaguzi wanaandika alama kila mtu peke yake kabla ya kuongea.

Baba aliyenunua jezi za timu, mwanae ndo nahodha sasa. Hajapigiwa kura wala nini.

Jezi ni zawadi kwa timu, kitambaa cha unahodha hakiuzwi. Pendekezeni unahodha wa zamu, kila mechi mtoto tofauti kwa kufuata orodha ya majina, huyo mtoto naye yumo na zamu yake itafika. Ni vigumu mtu kupinga zamu. Na asimsumbue mtu yeyote huyo mtoto, hakuomba.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo, wote ni wazazi. Grupu la WhatsApp limekuwa uwanja wa vita kila Jumapili. Tunataka kuandika sheria za timu, tuanzie wapi?

Anzeni na dakika, maana ndo vita yenyewe. Marekani kuna shirika la soka la watoto linaitwa AYSO, lilianza California mwaka 1964 na linaendeshwa na watu wa kujitolea kama nyinyi, na sheria yao inajulikana na kila mzazi kabla hajasajili, kila mtoto anacheza angalau nusu ya kila mechi. Nusu ni kitu unaweza kukihesabu. Ukiandika "watoto wote watapewa nafasi kwa haki" hujaandika kitu, kila mtu ataisoma na mwanae kichwani.

Norway wao wamekwenda mbali zaidi, wana haki za watoto kwenye michezo zilizopitishwa na shirikisho lao la michezo mwaka 1987 na kurekebishwa 2007, na humo msimamo wa ligi na orodha za matokeo haviruhusiwi mpaka mwaka mtoto anaotimiza miaka 11, ubingwa wa taifa hauruhusiwi mpaka 13. Napenda sana hilo, kwa sababu nimeona mwenyewe kwamba upendeleo unaota pale ambapo pointi ziko mezani. Kocha akiwa anaongoza tatu bila anaingiza watoto wote na anatabasamu, ikiwa moja moja zimebaki dakika kumi, wale wa benchi hawaonekani tena.

Andikeni pia kwamba mzazi aliye kocha haamui nafasi ya mtoto wake kikosini wala nidhamu yake, kama yupo mwenzake wa kumsaidia kuamua, kwamba malalamiko yanakwenda kwa mtu fulani ambaye sio kocha, na kwamba michango ya timu inashikwa na mtu ambaye sio anayepanga kikosi. Ukurasa mmoja unatosha. Usomwe kwa sauti kwenye kikao cha kwanza kabla mpira haujapigwa, kila mtu asaini. Grupu libaki la saa ngapi, wapi na jezi gani, na tena meneja peke yake ndo aposti.

Binti yangu ana miaka 11, anasema anaacha. Kocha sio mbaya, ni mama mwenzetu, ila ana watoto wake watatu anaowaita kwa majina na wengine ni "wewe." Naona kama nimlazimishe amalizie msimu.

Hili la majina limenigusa kuliko yote, kwa sababu halina dakika za kuhesabu na bado mtoto analisikia kila mazoezi. Seattle huko Marekani, Nancy Barnett, Frank Smoll na Ronald Smith waliandika mwaka 1992 kuhusu makocha wa kujitolea wa besiboli ya watoto. Kundi moja walipewa semina ya masaa machache tu kabla ya msimu, namna ya kusifia juhudi, namna ya kumrekebisha mtoto aliyekosea bila kumvunja. Msimu uliofuata, kwa hao waliofundishwa watoto walioacha ni asilimia 5, kwa wale wengine ni 26, na ushindi wa mechi haukutofautiana. Yani mtoto haachi kwa sababu timu inafungwa, anaacha kwa namna anavyoongeleshwa.

Usimlazimishe, muombe mechi mbili zaidi, na wewe katikati ya hizo uende kwa huyo mama. Kwa kuwa unasema sio mbaya, naamini hajui. Mwambie kwa upole, "mama fulani, binti yangu anatamani umuite jina lake." Basi. Mimi ningekuwa nimeambiwa hivyo ningelia, halafu ningebadilika.

Kwetu tulikuwa na mtoto mmoja, golikipa wa akiba, yule mpole niliyemtaja huko juu, kila mechi anakaa mwisho wa benchi anafungua kamba za viatu anafunga tena, anafungua anafunga, muda wote akiwa benchi. Nilidhani anapenda tu kuchezea kamba. Siku niliyoweka karatasi ya sabu ukutani na jina lake likiwa dakika ya 25, alikuja mapema, akafunga kamba mara moja, akakaa anaangalia mpira.