Jibu: Mama hatulii daktari akipiga video

Pole sana dada. Umesema mama yuko kijijini, daktari wa mjini anataka kumwona kwa video, lakini mama haitazami simu, anainuka na kuondoka.

Kwanza, hali hii ya kuchanganyikiwa imeanza ghafla? Kama ni siku chache tu, mpeleke zahanati apimwe malaria, mkojo na sukari. Maambukizi humvuruga mzee akili haraka. Angalia na dawa anazomeza, hata Piriton ya dukani, ile ya mafua na mzio, huweza kuzidisha kuchanganyikiwa.

Baba yangu mwenye hali kama hiyo hatumlazimishi kuongea na simu. Namrekodi akila, akitembea, na hasa jioni anapohangaika, namtumia daktari pamoja na picha za dawa zote. Halafu daktari huongea nami pembeni, baba asisikie akijadiliwa. Dozi usibadilishe mwenyewe.